Shangwe ya Jukwaa la Mashariki

Wewe ulipita pale. Usiseme hukupita. Uwanja uko katikati ya mji; huwezi kwenda benki, hospitali wala stendi bila kuuzunguka. Wiki ile yalipowekwa mabati ya bluu uliikodolea simu yako macho ukaongeza mwendo. Tangazo la mkutano wa maoni lilipobandikwa getini ulisema wataenda wengine. Basi walikwenda. Kilichowapata hao wengine ndicho hiki, na kikikuchoma, acha kikuchome.

Jumatatu ya kwanza ya mabati, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchora mistari wa uwanja alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, akichuja chokaa kwa soksi kuukuu. Watu walimwita Chokaa, naye aliitika. Alikuwa na vigingi vinne, kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja, na kigari cha magurudumu matatu kinachodondosha weupe chini kwa kipimo. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na saba. Siri yake ilikuwa moja tu: usitazame chini, tazama kigingi cha mbele, miguu itafuata yenyewe. Mistari yake ilinyooka kiasi kwamba waamuzi wageni walikuwa wakiinama kuigusa kwa kidole.

Hakuna aliyewahi kuishangilia. Hilo alilijua, na lilikuwa limemkaa kooni. Watu wanashangilia bao, wanashangilia kadi nyekundu, wanashangilia hata mbwa akiingia uwanjani, mstari wanaukanyaga. Watazamaji walipoanza kuingia, yeye alikuwa ameshatoka na ndoo yake. Mara moja tu, katika fainali ya mwaka ule wa mafuriko, aliitwa ndani wakati wa mapumziko apake upya kona iliyofutika. Akateleza, ndoo ikammwagikia kichwani, na watu elfu thelathini wakacheka kwa pamoja. Imepita miaka kumi na tisa. Bado akisikia watu wanacheka barabarani hujipapasa nywele.

Asubuhi hiyo kazi yake ilikuwa alama moja, tena ya ukutani. Mradi wa kuujenga upya uwanja ulikuwa umeamua kuanza na jukwaa la mashariki, kwa sababu za usalama, wakati mikutano ya maoni ikiendelea. Aliyemwelekeza alikuwa binti mmoja mwenye kizibao cha rangi ya chungwa. Mgongoni kizibao kiliandikwa Afisa Ushirikishwaji wa Jamii, na kwa vile maneno yalikuwa mengi, watu walimwita Binti wa Mradi.

"Mzee, chora mkasi mkubwa hapa, mistari miwili ikatane. Mgeni rasmi atapiga nyundo pale katikati, tupige picha."

"Ukubwa gani?"

"Wowote tu, baba. Uonekane."

Kwa Chokaa hakuna kitu kiitwacho wowote. Alifunga kamba, akapima pembe zote nne, akafuta, akapima tena. Mistari miwili ilimchukua saa nzima. Ilipokauka alirudi nyuma hatua kumi akaitazama, akajisemea kwamba huyo mgeni rasmi, awe waziri, awe nani, mkono utamsita kabla hajaipiga.

Mgeni rasmi alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa chini ya jukwaa hilohilo la mashariki, na kibanda hicho aliombewa na Chokaa kwa meneja wa zamani, enzi zile alipoingia mjini na begi moja akalala kwenye mkeka wa kaka yake miezi minane. Kinyozi alikuwa na mdomo. Angeweza kumnyoa mtu upara huku akimweleza jinsi nywele zake zinavyompendeza, na mtu akalipa akashukuru. Mradi ulipotafuta mwenyekiti wa Kamati ya Wananchi ulitaka mtu anayejulikana na kila mtu na asiyesoma karatasi hadi mwisho. Ulimpata kabla ya chai ya saa nne.

"Kaka! Umekuja kuniona?" Kinyozi alisema. Alikuwa amevaa kofia ngumu mpya, bado ina karatasi ya bei ndani.

"Nimekuja kazini."

"Kumbe hii umechora wewe? Nzuri. Nishikie basi simu, nisije nikaivunja."

Chokaa akaishika simu. Kinyozi akashika nyundo, akatabasamu kulia, akatabasamu kushoto, akapiga pale mistari ilipokatana. Kikadondoka kipande cha zege ukubwa wa mkate. Kwenye tundu lililobaki ikatoka shangwe.

Ilikuwa shangwe ya kawaida ya bao la dakika za mwisho, watu elfu thelathini, wengine wakipuliza mavuvuzela. Jukwaa lilikuwa limeinywa kwa zaidi ya miaka arobaini, kila Jumamosi na kila Jumapili, na sasa zege lilikuwa limefunguka. Fundi mmoja aliyekuwa akichanganya saruji alisema, "Imekaa humo muda mrefu, lazima itoke," akaendelea kuchanganya. Shangwe ilizunguka juu ya jukwaa mara mbili tatu, kama mtu aliyeshuka kwenye basi asijue aanzie wapi. Halafu ikamwendea yule aliyeifungulia. Kinyozi akainua nyundo, ikamshangilia. Akaishusha, ikashangilia zaidi. Akanyoosha mkono kuichukua simu yake kwa kaka yake, na simu ilipofika mfukoni salama, elfu thelathini wakasimama.

"Imenifuata," Kinyozi alisema.

"Umepiga wewe," Binti wa Mradi alimjibu, akaandika kitu kwenye daftari.

Chokaa alibaki amenyoosha mkono mtupu. "Mimi ndiye niliyechora," alisema, lakini hata yeye hakuisikia sauti yake.

Kuanzia siku hiyo Kinyozi aliishi na shangwe. Watu walizoea ndani ya wiki moja, kama wanavyozoea jirani aliyenunua redio kubwa. Aliponyoa, kila unywele ulioanguka ulipata kifijo chake. Mteja wa kwanza kunyolewa kidevu mbele ya umati ule alitoka kibandani amevimba kifua, akaenda moja kwa moja kuacha kazi. Foleni ikafika barabarani. Kibanda kilihamishiwa upande wa magharibi, na shangwe ikahamia nacho.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili. Mkewe alikuwa mshona jezi. Cherehani ilikaa dirishani na mkanda wa kupimia ukamkaa shingoni. Sasa alishona akiwa ameziba masikio kwa pamba, kidole kimoja kwenye gurudumu, kwa sababu uzi ukikatika hakuweza tena kuusikia. Chokaa alipofika Jumapili alimkuta hivyo. Kinyozi alikuwa mezani anakoroga sukari kwenye chai. Kijiko kilipogonga kikombe mara ya mwisho, watu elfu thelathini walipiga kelele hadi kalenda ikaanguka ukutani.

"Shemeji," mshona jezi alisema, akivuta pamba ya sikio moja, "mchukue huyu mtu ukae naye kwako. Wiki moja tu."

"Nimchukue na shangwe yake?"

"Nani anaitaka? Jana kaenda chooni, akarudi anapunga mkono. Watu elfu thelathini wanampongeza, na yeye kaamini kafanya jambo!"

"Mke wangu ana wivu," Kinyozi alisema kwa upole, na shangwe ikamuunga mkono.

"Wivu nilionao ni juu ya wanaopata usingizi," mkewe alijibu, akarudisha pamba.

Chokaa hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake akinywa chai, koo likipanda na kushuka, na kila funda likipokewa kwa vifijo. Alihesabu. Mafunda kumi na moja. Yeye amepaka uwanja mzima, na kuupaka tena baada ya kila mvua, miaka ishirini na saba, na hakupata hata kifijo cha nusu funda. Alitoka bila kumaliza chai yake. Kifua kilikuwa kinamwaka kana kwamba kameza chokaa kavu.

Kesho yake alianza kuitega ile shangwe. Alikwenda mapema na kigari chake, akachora mstari kuizunguka nyumba nzima ya mdogo wake, pembe nne kamili, mchoro ambao ungemtoa machozi mtu yeyote mwenye macho. Akangoja. Kimya. Kinyozi akatoka na mswaki mdomoni, akauruka mstari asiuharibu, na umati ukalipuka kuona alivyoruka.

Akajaribu njia nyingine. Alipita kwenye kifusi cha jukwaa la mashariki, akachagua tofali la zege lililoonekana bado zito, akalipeleka kwake na kuliweka juu ya kabati. Alilipiga kwa nyundo ndogo. Likatoa kikohozi cha mtu mmoja aliyekaa safu ya nyuma, na sauti ya muuza karanga akiuliza nani hajarudishiwa chenji. Baada ya hapo lilikuwa tofali tu. Chokaa akalitia mlangoni lizuie upepo.

Alianza kusema peke yake akitembea. "Anamzidi nani? Nani alimfundisha kupanda basi la mji huu?" Muuza magazeti alimuuliza anagombana na nani. Alijibu hagombani na mtu. Usiku wala mchana hakuomba mdogo wake apatwe na baya. Alichotaka ni shangwe ile igeuze shingo mara moja, imwone. Ndivyo wivu wake ulivyokuwa, mdogo na safi, na ulikuwa umejaa nyumba nzima.

Mikutano ya maoni ilikuwa inafanyika kila Alhamisi saa nane mchana kwenye ukumbi wa manispaa. Hapa ni lazima ukumbushwe, maana unasahau upesi. Mji huu umeshirikishwa kabla ya hapo. Ulishirikishwa kuhusu bwawa la kuogelea, na leo pale kuna ofisi za bima. Ukashirikishwa kuhusu bustani, na leo bustani ni picha iliyochorwa kwenye ukuta wa jengo lililokaa juu ya bustani. Ukashirikishwa kuhusu maktaba, vitabu vikaenda kuhifadhiwa kwa muda, na muda huo sasa una miaka kumi na mitano. Kila mara palikuwa na maji ya chupa.

Mkutanoni kila mtu alipewa karatasi ndogo mbili. Ya kijani ya kuandika unachokipenda kwenye mpango, ya njano ya kuandika unachotaka kiongezwe. Unaandika, unakwenda kubandika ubaoni, unapigwa picha ukibandika. Mwalimu Mstaafu, mama wa miaka sabini na moja aliyekuwa akizunguka uwanja ule kwa miguu kila alfajiri kwa agizo la daktari, aliuliza swali siku ya kwanza.

"Na karatasi ya kukataa iko wapi?"

"Mwalimu, kukataa unaandika kwenye ya njano," Binti wa Mradi alimweleza. "Kama nyongeza."

"Niongeze kukataa?"

"Eeh. Tunaipokea vizuri sana."

Mwalimu alifungua mdomo aendelee. Mwenyekiti, yaani Kinyozi, alikuwa anajisafisha koo tu, hakuwa na nia mbaya, lakini shangwe ilikuwa imeketi nyuma yake, ikasikia koo, ikashangilia. Maneno ya mwalimu hayakufika hata safu ya pili. Binti wa Mradi aliandika kwenye muhtasari: *Mwalimu Mstaafu alichangia. Wananchi walishangilia.* Ndivyo ilivyokwenda Alhamisi tatu. Kila aliyesimama kupinga, Mwenyekiti alijikuna, au alitafuta kalamu, au alipiga chafya, na kila kitu kikaandikwa kimeshangiliwa. Hakuna aliyedanganya. Shangwe ilikuwepo, kila mmoja aliisikia, na vioo vya ukumbi vilikuwa vimepata ufa.

Kwenye meza ya katikati palikuwa na uwanja mpya, umetengenezwa kwa maboksi magumu na plastiki, umefunikwa kwa kioo. Kulikuwa na maduka ghorofa nne, miti ya sifongo, na watu wadogo weupe wasio na nyuso waliobeba mifuko. Juu kabisa, kwenye paa la maegesho ya magari, palikuwa na kipande cha kijani chenye magoli mawili. Kibao kiliandikwa: *Uwanja wa Jamii.*

Watu waliutazama, wakasema unapendeza. Chokaa ndiye peke yake aliyeupima. Hakuwa na hila. Yeye akiona kijani chenye mistari mkono unajiendea wenyewe mfukoni. Alikuwa na mkanda wa kupimia wa shemeji yake. Pembeni iliandikwa kwamba sentimita moja ni mita tano. Kijani kilikuwa sentimita nane kwa nne. Akapima tena akidhani amekosea, akapima mara ya tatu, halafu akakaa kitini. Mita arobaini kwa ishirini. Boksi moja, lile eneo la adhabu mbele ya goli ambalo alikuwa amelichora maelfu ya mara, lina upana wa mita arobaini na kina cha mita kumi na sita na nusu. Uwanja mzima mpya ulikuwa boksi moja na hatua chache za nyongeza. Mahali pa kupigia penalti. Palipobaki pote palikuwa maduka.

Alimwambia Mwalimu Mstaafu kwenye ngazi za ukumbi.

"Una uhakika, mwanangu?"

"Mwalimu, mimi naweza kukosea jina langu. Boksi siwezi."

Mwalimu alishika nguzo. Yeye alikuwa amesoma karatasi zote hadi mwisho, mtu pekee katika mji mzima. "Kanuni yao wenyewe inasema uwanja mpya usiwe mdogo kuliko wa zamani. Kipimo kikisemwa mkutanoni kikaandikwa kwenye muhtasari, mpango unarudi mwanzo. Lazima uanze upya. Lakini sharti kisemwe. Mimi nikisema nafunikwa. Sema wewe. Wewe ni mtu wa uwanja."

"Nitasema."

"Alhamisi ndiyo ya mwisho."

"Nitasema, mwalimu."

Aliandika kwenye kipande cha karatasi, mita mia moja na tano kwa sitini na nane za uwanja wa zamani, kisha mshale, kisha arobaini kwa ishirini. Akakikunja akakitia mfuko wa shati. Wiki nzima alitembea amekishika kwa nje, kama mtu mwenye maumivu ya moyo.

Alhamisi ya mwisho walikuja watu sitini na wawili. Wote walitia sahihi karatasi ya mahudhurio mlangoni. Hukuwepo. Kinyozi alikuwa amevaa koti, na koti lilipokelewa vizuri mno. Alieleza mpango kwa dakika ishirini. Alichokisema hakijulikani mpaka leo, kwa sababu shangwe haikumwachia nafasi, lakini alikuwa anaonekana mwenye furaha na asiye na kinyongo na mtu. Mwalimu Mstaafu alisimama. Mwenyekiti alifuta jasho. Mwalimu aliongea dakika kumi nzima, mishipa ya shingo imemsimama, watu wakimtazama midomo. Akaketi. Binti wa Mradi akaandika.

Ndipo Chokaa aliposimama, na shangwe ikanyamaza.

Ilinyamaza yote, ghafla, hadi mtu wa mwisho. Feni ilisikika. Chupa ya maji iliyokuwa ikiminywa mahali fulani ilisikika. Mshona jezi, aliyekaa nyuma, alitoa pamba masikioni akaitazama kama aliyeshtukia mvua imekatika. Wazee waliowahi kucheza pale walielewa mara moja. Mchora mistari ni mtu wa saa ile ambayo viti bado vitupu. Shangwe ilikuwa inamjua tangu zamani, ilimjua kama mtu anayekuwepo kabla yake, na kila aliposimama yeye mbele ya viti, yenyewe ilikuwa haijaanza.

Alikuwa na ukumbi mzima. Alikuwa na elfu thelathini wasiopumua, wote macho kwake, kitu alichokingoja miaka ishirini na saba. Mkono wake ukapanda mfukoni, ukaigusa karatasi. Mwalimu Mstaafu akaitikia kwa kichwa.

"Kaka," Kinyozi alinong'ona, na kwa ukimya ule kila mtu alisikia, "sogea kidogo. Umekanyaga waya wa kipaza sauti."

Watu wachache walicheka. Kicheko kidogo tu, cha kawaida. Chokaa akajipapasa nywele.

"Huyu," alisema, akamnyooshea mdogo wake kidole, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati, "huyu aliingia mjini na begi moja. Moja! Kalala kwenye mkeka wangu miezi minane. Kibanda nilimwombea mimi, nilipiga magoti. Ile alama mnayomsifia kuigonga kwa nyundo, aliichora nani? Saa nzima nilichora. Pembe zote nne. Mimi! Mimi ndiye niliyechora!"

Halafu shangwe ikamjia yeye.

Ilikuja yote. Ilimjia kutoka safu za chini na safu za juu, watoto na wazee, mavuvuzela, watu waliokufa zamani na waliohama mji, wote wakimshangilia yeye kwa ajili ya mistari miwili ukutani. Aliinua mikono. Machozi yalimtoka, na shangwe ikayashangilia machozi. Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu, ilikuwa tamu kupita ilivyowahi kuwa kwa mdogo wake, kwa sababu mdogo wake hakuwahi kuingoja. Mwalimu Mstaafu alikuwa amemshika mkono wa shati anamvuta, anapiga kelele, "Kipimo! Sema kipimo!" Chokaa alimwona midomo ikicheza, akadhani naye anamshangilia. Akamkumbatia.

Ilichukua dakika tisa. Ilipotulia, Binti wa Mradi alikuwa ameshafunga daftari, maana ukumbi ulikuwa umekodiwa hadi saa kumi. Muhtasari unasema: *Mfanyakazi wa siku nyingi alieleza fahari yake kwa kushirikishwa. Wananchi elfu thelathini na sitini na wawili waliridhia mpango kwa shangwe.* Karatasi ya mahudhurio iliambatishwa nyuma kama uthibitisho. Kinyozi alivaa kofia yake akatoka, na shangwe ikatoka naye kama ilivyozoea.

Ijumaa asubuhi Chokaa alikwenda ofisi ya mradi na karatasi yake. Binti wa Mradi aliisoma taratibu. Hakuwa mtu mbaya, alimpa kiti.

"Baba, mbona hukusema jana? Kulikuwa kimya kabisa."

Chokaa akaikunja tena karatasi yake.

"Muhtasari umeshapita," Binti alisema. "Lakini wewe tumekufikiria. Kazi yako tumeiona, inasifiwa."

Nyasi ziling'olewa kwa siku mbili. Ikamwagwa kokoto, ikamwagwa lami, magari yakaanza kuegeshwa kabla haijapoa. Aliyechora nafasi za magari ni Chokaa. Nafasi mia nne na kumi na mbili, rangi nyeupe ya mafuta isiyohitaji kupakwa upya kila mvua, na hakuna mstari mmoja uliopinda. Mwalimu Mstaafu bado anazunguka kila alfajiri, kati ya magari, mara nyingine anapigiwa honi. Hasalimiani na Chokaa.

Jumapili Chokaa anakwenda kwa mdogo wake. Anakaa kiti cha karibu kabisa naye, magoti yanakaribia kugusana, akimtazama anavyokunywa chai. Shemeji yake anashona, kidole kwenye gurudumu. Hata Chokaa akisimama, shangwe haimnyamazii tena. Imeshamzoea.

"Sogea kaka, usiogope," Kinyozi humwambia kwa sauti ya juu, kwa moyo mweupe kabisa. "Si ilikuja kwako siku ile? Huenda ikarudi. Chukua hata hiki kijiko, koroga wewe."

Chokaa anakoroga. Elfu thelathini wanamshangilia Kinyozi kwa ukarimu wake.

Sasa wewe. Jukwaa la magharibi bado limesimama, na mpango wa awamu ya pili ni kulivunja liwe maghala. Nyundo imepangwa Jumatatu. Pingamizi zinapokelewa hadi Ijumaa hii saa tisa alasiri, ofisi ya ardhi ya manispaa, dirisha la pili, na mpaka leo asubuhi hapajaingia hata moja. Moja! Dirishani pale hawapokei shangwe. Wanapokea karatasi yenye jina la mtu na sahihi yake. Usimngoje Chokaa, ana maegesho ya kupaka. Usimngoje Mwalimu, alishasema dakika kumi na hukumsikia kwa sababu hukuwepo. Chukua karatasi yoyote, uandike: tulikuwa na mita mia moja na tano kwa sitini na nane, mnatupa arobaini kwa ishirini, mimi sikuridhia na simruhusu mtu kuridhia kwa niaba yangu. Tia jina. Inuka hapo ulipokaa, uipeleke kwa mkono wako, na usiondoke dirishani mpaka wameigonga muhuri.